Gorogoro ya Ndindi

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, nina ombi. Kama redio yako iko jikoni na mfereji uko wazi, ufunge. Kama una sufuria inayochemka, ipunguzie moto kidogo. Leo tutahitaji masikio. Mimi ni mwenzenu Patrobas Wanyonyi, na saa hii ya Jumapili, kama mjuavyo, tunakaa na mtu aliyetutangulia, tunamtazama vizuri, kisha tunamwacha aende.

Leo tunakaa na Mzee Maingi Ndete. Maingi Ndete, fundi wa mawe. Aliishi Mukuru kwa Njenga. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alifariki Jumapili tatu zilizopita, asubuhi, akiwa ameketi juu ya jiwe kando ya chemchemi. Na hiyo chemchemi ndiyo habari yenyewe. Maingi aliiua kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatumia miaka minane ya mwisho ya maisha yake kuifufua.

Jina Maingi, kwa Kikamba, maana yake ni mengi. Nisameheni nikimtania marehemu, yeye mwenyewe alikuwa mtani. Lakini huyo aliyeitwa Mengi alikuwa mmoja tu. Miaka hiyo ya mwisho alipika peke yake, akala peke yake, akachimba peke yake. Ukimwuliza habari za nyumbani alikuwa anajibu, "Nyumbani ni mimi, na mimi sijambo."

Alizaliwa upande wa Mwingi, mahali ambapo mto hukauka na watu huchimba mchanga kutafuta maji. Akaja Nairobi akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akapata kazi kwenye kware. Na hapo wageni wa Eastlands hukosea. Wakisikia kware wanafikiri ni yule ndege. Sisi huku kware ni machimbo ya mawe, shimo refu lililotoa nyumba zetu zote. Karibu kila mtaa una kware yake. Hii ya Maingi iko nyuma ya Mukuru kwa Njenga, juu ya kijito kinachoshuka kwenda kuungana na Mto Ngong.

Maingi alichonga mawe hapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyundo, tindo na mtaimbo. Bandu bandu huisha gogo, na mwamba nao huisha vivyo hivyo. Wewe unayenisikiliza ukiwa mtaa wa Tena, umeketi kwenye kochi lako, gusa ukuta ulio nyuma yako. Huenda jiwe hilo lilipita mikononi mwa Maingi. Alikuwa na sifa moja kwenye kware ile. Aliweza kuweka sikio kwenye mwamba, akagonga mara tatu, akakuambia mshipa wa jiwe unapita wapi. Msimamizi hakutega baruti kabla Maingi hajaonyesha mahali.

Kando ya kware hiyo palikuwa na chemchemi. Ilitoka kwenye ufa wa jiwe, nyembamba, lakini haikukauka hata Januari. Wanawake wa Mukuru walichota hapo. Mmoja wao alikuwa mke wa Maingi, Ndindi. Ndindi alikuwa na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa kupimia mahindi, mkebe wa bati. Aliukinga chini ya maji, ukijaa anamimina kwenye mtungi, anaukinga tena. Na binti yao wa pekee, Jacky, alikuwa ameketi hapo pembeni amefumba macho.

Huo ulikuwa mchezo wao, wasikilizaji wapendwa. Naomba mshike hapa. Maji yakiingia kwenye mkebe mtupu yana sauti nzito. Mkebe ukiendelea kujaa, sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Ndindi alimwambia mtoto, "Usitazame. Sikiliza." Jacky alisikiliza, na maji yalipofika ukingoni alipiga kelele, "Imejaa!" Akikosea, anachekwa. Akipata, anapewa kifuniko cha mtungi akibebe mpaka nyumbani kama malkia. Maingi alikuwa akiwatazama kutoka juu ya kware, na nyundo mkononi.

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, Nairobi ilikuwa inajenga kwa haraka. Malori yalipanga foleni. Msimamizi alimwuliza Maingi, "Jiwe laini liko wapi?" Maingi akaweka sikio, akagonga mara tatu, akaonyesha kwa kidole. Mahali pale palikuwa hatua kumi na tano kutoka kwenye chemchemi.

Baruti ikalia. Na jambo la ajabu likatokea. Maji yakaongezeka. Kwa siku mbili nzima chemchemi ilibubujika, watu wakaja na ndoo na mapipa, wakamsifu Maingi kwa kuwafungulia maji. Alipita katikati yao kifua mbele. Siku ya tatu maji yakawa uzi. Siku ya nne hayakuwepo. Mwamba ulikuwa umepasuka ndani, maji yakatafuta njia nyingine, yakashukia chini kabisa ya shimo, kwenye matope na taka.

Jacky alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka siku hiyo ya nne. "Mama alisimama pale na gorogoro," ananiambia. "Hakulia, hakupiga kelele. Akamwangalia tu babangu kule juu. Babangu akageuka akaanza kuchonga jiwe, na hata halikuwa jiwe lake."

Miaka ikapita. Kware ikafungwa. Shimo likabaki, na Nairobi ikalizunguka. Maghorofa ya kupangisha yakapanda, mabomba ya maji machafu yakaelekezwa kwenye kijito, malori yakaanza kuleta vifusi na kumwaga. Nyasi za kando zikafa. Maingi akawa mtu wa vibarua, leo mjengo huu, kesho ule. Nyumbani jambo la chemchemi halikutajwa. Ndindi alinunua maji kwa mtungi kama watu wote, na gorogoro ikapanda juu ya kabati.

Mwishoni mwa mwaka wa elfu mbili kumi na sita, Ndindi akaugua. Alilala chumbani mwao wiki saba. Na siku moja alasiri, akiwa na homa, akamwambia mumewe, "Niletee maji ya kware." Maingi akachukua chupa, akatoka. Akaenda mpaka shimoni. Akasimama. Hakukuwa na kitu. Akarudi kwa njia ya dukani, akanunua maji ya chupa, akayamimina kwenye chupa yake, akamnyanyua Ndindi kichwa, akamnywesha. Akamwambia, "Ndiyo hayo."

Ndindi akayaweka mdomoni. Akameza. Akasema, "Maingi, haya siyo." Na hakumwomba tena. Siku nne baadaye alifariki.

Habari hii Maingi alimwambia mtu mmoja tu duniani, jirani yake Mama Khavere, anayeuza mboga kwenye mlango wa ploti yao ya vyumba vya kupanga. Khavere ndiye aliyeniambia mimi, na nimeomba ruhusa ya familia kuisema. Nilipoisikia, sikuweza kuendelea kuandika. Mtu anaweza kudanganya watu mia akalala vizuri, na uongo mmoja wa chupa ya maji ukamkosesha usingizi mpaka kaburini.

Walimzika Ndindi kwao Mwingi. Wiki moja baada ya mazishi, Maingi akafunga begi. Jacky akashangaa. "Nau, unaenda wapi?" Nau ni baba kwa Kikamba. Maingi akasema, "Nina mgonjwa Nairobi." Jacky akamwambia, "Mgonjwa gani tena, na mama ndiye tumemzika?" Maingi akajibu, "Utamjua akipona."

Sasa nawauliza, wasikilizaji wapendwa. Mzee amefiwa na mke juzi, anasema ana mgonjwa mjini asiyetaka kumtaja. Wewe ungefikiria nini? Jacky alifikiria hivyo hivyo. Alidhani babake ana mwanamke. Na mzee hakumweleza. Kumweleza kungekuwa kumwambia habari ya baruti kwa kinywa chake, na habari ya chupa. Aibu ilimfunga mdomo. Hapo ndipo baba na mtoto walipoachana.

Maingi alirudi kware akiwa na jembe na toroli ya kuazima. Alianza na kitu alichokijua kutoka kwao Ukambani, mwethya. Mwethya ni kazi ya jirani. Una shamba la kulima au mtaro wa kuchimba, unaita watu, wanakuja na majembe yao, wewe unapika, wanakula, wanaenda. Kesho wewe unaenda kwao. Maingi akapita mlango kwa mlango akitangaza, "Jumamosi kuna mwethya kwa kware." Vijana wakamwuliza, "Buda, ni how much kwa siku?" Akawaambia, "Mwethya haulipwi, unaliwa." Wakaangaliana. Mmoja akakataa, "Zii, mzae. Hapa ni Nai."

Jumamosi Maingi aliamka mapema, akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sufuria kubwa ya kulisha watu thelathini. Akaibeba kwa toroli mpaka ukingoni mwa shimo, akaifunika, akaanza kuchimba. Saa tatu. Saa nne. Saa sita. Hakuja mtu. Alikuja mbwa, akanusa, akaondoka. Saa saba akaja Mama Khavere, na hakuja kuchimba, alikuja kutafuta toroli yake. Akaona sufuria, akaketi, akapakua.

"Nilimwambia, Mzee, mwethya wako uko na watu wawili, na mmoja amekaa," anasimulia Khavere. "Akacheka. Alafu akaanza kula. Nikaona machozi yanaingia kwa chakula. Hiyo muthokoi alikula siku tatu, asubuhi na jioni, mpaka ikaanza kuchacha. Hakutaka kuitupa."

Kidole kimoja hakivunji chawa, sote tunajua. Lakini kidole kimoja kinaweza kukuna, na Maingi akaendelea kujikuna. Alichimba makinga maji kwenye mteremko wa juu wa kware kwa mtindo wa kwao, ule wa fanya juu, unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu ili mvua ikishuka isimame, iingie ardhini. Mtaro mmoja ulimchukua miezi miwili. Alitoa taka shimoni kwa toroli. Alitoa magodoro, mabati, vyoo vilivyovunjika. Aliongea na mwamba. Watu walimwita Mzee wa Shimo.

Na alikosea, tena vibaya. Alitaka miti, akapanda mikaratusi mia moja kuzunguka kijito. Ikaota kwa fujo. Baada ya miaka miwili ilikuwa imempita kimo mara tatu, na Maingi akaipenda sana. Kwao, mti wowote uliosimama mbichi kiangazi ni baraka. Siku moja akapita jirani yake Wafula, kibarua wa kiwanda pale Industrial Area, mzaliwa wa Bungoma. Wafula akasimama akashika kiuno.

"Mzee," akamwambia, "hii miti nani alikuambia upande?"

"Kwani ina nini? Si unaona vile imekubali?"

"Imekubali kunywa. Sisi kule kwetu tuko na maji mengi mpaka yanatusumbua. Mahali kuna bwawa na unataka pakauke ujenge nyumba, ndio unapanda hii. Hii ni pampu, Mzee."

Mtu wa ukame aliota kivuli, mtu wa mvua akamwonyesha kiu yake. Maingi alikaa chini hapo hapo. Kesho yake akachukua shoka. Aliikata yote mia, mmoja mmoja, na akang'oa visiki. Watu waliokuwa hawajawahi kumsaidia kupanda hata mti mmoja wakaja kumtukana kwa kukata. Mama mmoja akamwita adui wa mazingira mbele ya watu. Akarudi kwenye kisiki chake. Miaka miwili ilikuwa imekwenda na maji, na maji yenyewe hayakuwepo. Akaanza upya na mikuyu na matete, miche midogo ya kumfika kwenye kifundo cha mguu.

Ni katika mwaka huo wa visiki Jacky alipokuja kumtembelea. Jacky ni karani, anaishi Ziwani, mtaa wenye jina la ziwa na mifereji inayokohoa hewa. Kutoka Ziwani mpaka Mukuru si mbali. Alifika kwenye ploti, akamkuta Mama Khavere ameketi kwenye mlango wa babake akichambua mboga kwenye kivuli. Akamwamkia. Khavere akaitikia vizuri, akamwambia, "Mzee ametoka, karibu ukae, mimi ndio huwa naangalia hapa." Jacky akasikia hayo maneno kwa masikio yake mwenyewe. Akageuka akaenda zake. Kware ilikuwa mwendo wa dakika tatu kutoka pale aliposimama.

Khavere hucheka akisimulia kisa hiki, halafu hulia. "Mimi na mzee? Mimi niko na bwana wangu huko Vihiga na magoti mabaya. Ningejua, ningemshika mkono nimpeleke kwa hilo shimo nimwambie, huyu ndiye mke mwenza wa mamako, mtazame."

Basi. Jacky akawa anapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula. Alimtumia babake simu yake ya zamani, ile ya kugusa kioo, kupitia kwa Wafula. Lakini hakurudi Mukuru. Na Maingi hakwenda Ziwani. Walikuwa wawili tu waliobaki kwenye familia hiyo ndogo, kila mmoja na ukaidi wake.

Siku moja lori lilikuja kumwaga vifusi juu ya makinga maji yake. Maingi akaenda akaketi nyuma ya gurudumu. Dereva akapiga honi mpaka watu wakatoka. "Mzae, toka hapo bana, niko na trip ingine!" Maingi akasema, "Hapa kuna mgonjwa." Dereva akashuka, akachungulia kila upande. "Mgonjwa yuko wapi?" Maingi akaweka kiganja chini kwenye udongo. "Yuko hapa chini ya tairi lako. Anapumua kidogo." Dereva akapanda, akaondoka na mzigo wake. Sijui kama alimwamini au alimwogopa.

Mvua za mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili ziliposhika, udongo ulikuwa tayari. Ufa uliopasuliwa na baruti alikuwa ameuziba kwa udongo wa mfinyanzi, kiganja kwa kiganja, miezi mitano. Asubuhi moja ya Jumapili aliweka sikio kwenye jiwe, kama zamani. Akasikia. Kwenye ufa ule wa Ndindi palikuwa na unyevu, na kwenye unyevu palikuwa na uzi wa maji, mwembamba kama wa kushonea. Wasikilizaji wapendwa, mgonjwa alikuwa amefungua macho.

Maingi alirudi chumbani mbio, mzee wa miaka sitini na minane, akateremsha gorogoro kutoka juu ya kabati. Akachonga mdomo kwenye jiwe ili maji yadondoke vizuri. Akakinga. Kisha akatoa simu. Hakuwa mtu wa kuandika, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa nyundo. Lakini Wafula alikuwa amemfundisha kurekodi ujumbe wa sauti. Akaisogeza simu karibu na mkebe. Hakueleza lolote. Alitaka mtoto wake asikilize, asitazame.

Ujumbe huo wa kwanza ulikuwa na urefu wa dakika thelathini na moja. Jacky aliufungua Ziwani akiwa anapiga pasi. Akasikia shhh. Akasikia tena shhh. Akaufunga, akamwandikia, "Nau, simu imejibonyeza tena mfukoni." Maingi alimwomba Wafula amsomee. Wafula anasema mzee alitabasamu tu, akasema, "Atasikia."

Jumapili iliyofuata alituma mwingine. Na mwingine. Kila Jumapili asubuhi, kwa miaka mitatu. Jacky alisikiliza sekunde tatu, nne, akaufunga. Aliona kitu kimoja tu, kwamba ujumbe ulikuwa unapungua urefu. Dakika thelathini na moja. Ishirini na tano. Kumi na mbili. Sita. Dakika mbili. Mwaka huu zilikuwa sekunde arobaini.

"Nilidhani ananichoka," Jacky ananiambia. "Nilijiambia, hata mfuko wake sasa hauna muda na mimi."

Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa? Gorogoro ilikuwa ile ile. Ujumbe ulipungua kwa sababu maji yaliongezeka. Mzee wa watu alikuwa anampelekea mtoto wake habari njema kila Jumapili, na kadiri habari ilivyozidi kuwa njema, ndivyo mtoto alivyozidi kuumia.

Jumapili tatu zilizopita, Mama Khavere alikuwa anaenda kanisani. Njia yake inapita juu ya kware. Akasikia maji yakimwagika juu ya bati, yakimwagika bila kukoma. Akasimama. "Huyo mzee hakuwahi kuacha gorogoro ifurike, hata siku moja," anasema. "Nikajua." Akashuka na magoti yake mabaya. Maingi alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameegemea mwamba, sikio limegusa jiwe. Simu ilikuwa mkononi, bado inarekodi. Khavere aliichukua ampigie Jacky, akabonyeza bila kujua, na ujumbe ukaenda.

Ulikuwa mrefu, Jacky alipouona alishtuka. Kabla hajaufungua, Khavere akapiga. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza ambao Jacky aliusikiliza mpaka mwisho ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufariki. Aliusikiliza ameketi sakafuni. Akasikia mkebe ukianza na sauti nzito. Akasikia sauti ikipanda. Kisha akafumba macho, hakujua kwa nini, yalijifumba yenyewe. Akasikia gorogoro ikifika ukingoni, na ikafurika, na hakuna aliyesema neno.

Ndipo akarudi nyuma, kwenye ule wa kwanza, wa dakika thelathini na moja. Akausikiliza wote. Mwishoni kabisa, baada ya dakika thelathini za maji, kuna sauti ya mzee, ya chini, kama mtu anayemnong'onezea mtoto jibu darasani. Inasema, "Imejaa." Akafungua wa pili. Imejaa. Wa tatu. Imejaa. Kila Jumapili, miaka mitatu, neno hilo lilikuwa linamngoja mwishoni, naye hakuwahi kufika.

Mzee Maingi amezikwa Mwingi, kando ya mkewe. Jacky alisafiri na chupa ya maji ya kware mapajani. Alikuwa ameshaambiwa na Khavere yote. Akayamimina juu ya kaburi la mamake, akamwita kwa Kikamba, "Mwaitu, haya ndiyo." Niseme wazi, maji hayo bado si ya kunywa. Kijito cha chini bado kinapokea maji machafu ya maghorofa, na bado kuna malori. Mzee mmoja hakuweza kumaliza kilichoharibiwa na mji mzima. Mikuyu yake imefika kifuani tu.

Jumamosi iliyopita Jacky aliita mwethya. Alipika muthokoi, sufuria kubwa. Walikuja watu watano. Watatu walichimba. Wawili walikuja kula tu, na mmoja wa hao wawili ni mimi. Nimeahidi kurudi na jembe, na nimesema hapa hewani ili mnikumbushe.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa rambirambi kwa Jacky, kwa ukoo wa Ndete kule Mwingi, kwa Mama Khavere aliyetembea na mzee kwa mazungumzo tu na toroli yake, na kwa Wafula. Mungu amlaze Maingi mahali pa maji. Na sisi tuliobaki, tuzikague kuta za nyumba zetu na tujiulize mawe haya yalitoka wapi, na walioishi kando ya shimo wanakunywa nini. Halafu kuna jambo dogo. Huenda kwenye simu yako kuna ujumbe wa mzazi ulioufunga baada ya sekunde tatu. Mimi nilikuwa na jumbe mbili kama huo. Nilizisikiliza jana, mmoja ulikuwa kweli ni wa mfukoni. Lakini nilifika mwisho.

Jacky yuko hapa studioni, ameketi mbele yangu. Ameomba tucheze ule ujumbe wa mwisho, sekunde arobaini za kwanza tu, mpaka pale babake aliposhindwa kusema. Wasikilizaji wapendwa, fumbeni macho. Mimi nanyamaza. Msitazame. Sikilizeni.

Maji hayo. Bado sauti ni nzito.

Sasa inapanda.

Jacky, mama, ni wewe.

"Imejaa, Nau."